Mieleka yataka wakfu, si bakuli

Mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Pennsylvania alikuja kunitazama barazani baada ya sala ya alasiri. Tulipokwisha kuulizana hali za huko na za huku, alinionyesha katika simu yake barua aliyoletewa na chuo kikuu anachosoma. Haikuwa barua ya masomo wala ya karo. Ilikuwa barua ya kuomba. Timu ya mieleka ya chuo, yasema barua hiyo, imepungukiwa, na kila mwenye mapenzi mema na atoe alichojaliwa: dola 20, dola 50, dola 100.

"Mimi nilitoa ishirini, Mjomba," akaniambia. "Mmoja wa vijana hao nalala naye chumba kimoja. Niliona haya kumnyima."

Mwanzo niliicheka barua ile. Chuo kikuu cha Marekani chazungusha bakuli kama sisi tunavyozungusha kofia tukitaka kuezeka bati jipya chuo cha Kurani! Lakini kicheko kilinikauka nilipoanza kumwuliza maswali. Nilimwuliza mpaka magharibi ikaadhiniwa, na alipokwenda zake nikashika kusoma. Haya niandikayo leo ndiyo niliyoyapata, pamoja na rai yangu, ambayo msomaji ana hiari ya kuipokea au kuitupa.

Mieleka si mchezo mgeni kwetu. Aliyepita chuoni utotoni amepata kusimuliwa habari ya Rukana, yule bingwa wa Makka aliyeangushwa na Mtume (S.A.W.). Wala sizungumzii ile ya televisheni, ya majitu kuvunjiana viti migongoni. Ile ni michezo ya kuigiza, na fedha zake ni tele. Hii ya vyuo vikuu vya Marekani ni mieleka ya kweli. Vijana wawili wa uzani mmoja huingia jamvini wakashikana kwa dakika saba, hapana ngumi wala teke, na anayelazwa mabega yote mawili chini amekwisha. Uzani ni wa namna kumi, kuanzia ratili 125 mpaka 285, na timu moja huwa na vijana wapatao thelathini. Kila Machi hukutana kugombea ubingwa wa nchi nzima chini ya chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA.

Sasa fedha. Zipo idara za michezo za vyuo vikuu huko ambazo bajeti yake kwa mwaka hupita dola milioni 200. Lakini fedha hizo huletwa na michezo miwili tu: futiboli yao ya mpira wa yai, na mpira wa kikapu wa wanaume. Televisheni hulipia hiyo miwili, na michezo mingine yote hula mezani pake. Mieleka huingiza kidogo mlangoni, kidogo kwa wapenzi, basi. Ziko timu chache zenye nyota njema. Iowa, ambako kocha Dan Gable alichukua ubingwa mara 15 kati ya 1978 na 1997, hujaza ukumbi wa watu wapatao 15,000, na mwaka 2015 walitandika jamvi katikati ya uwanja wa futiboli wakakusanya watazamaji 42,287. Penn State nayo, chini ya Cael Sanderson, haina tatizo la kuuza tiketi. Waliobaki hucheza mbele ya wazazi wao na wachumba wao.

Na matumizi yapo pale pale. Kocha na wasaidizi wake wataka mishahara, timu yataka tiketi za ndege na vyumba vya hoteli, daktari yuataka chake, jamvi lenyewe si mkeka wa ukindu. Juu ya yote hayo pana udhamini wa masomo, na hapa msomaji nakuomba unifuate polepole, kwani ndipo penye fumbo.

Kwa miaka mingi, mpaka 2025, sheria ya NCAA ilisema timu ya mieleka ya daraja la kwanza haiwezi kutoa zaidi ya udhamini 9.9. Utaniuliza, tisa nukta tisa ndiyo watu wangapi? Hata mimi niliuliza. Maana yake ni kwamba kocha alipewa karo za watu kumi kasorobo akazikatakata kama mkate wa mofa: huyu nusu, huyu robo, yule vitabu tu, na wengine hawapati hata kombo. Futiboli wakati huo huo ilikuwa na udhamini 85, kila mmoja mzima, haukatwi.

Basi vijana wengi wa mieleka hujilipia karo, au sehemu kubwa ya karo. Tufanye mfano. Tuseme karo ni dola 30,000 kwa mwaka, vijana ni 30, na udhamini tuukadirie 10. Hapo karo 20 zinalipwa na wazazi, nazo ni dola 600,000. Je, fedha hizo huandikwa wapi? Huandikwa katika daftari la chuo, si la idara ya michezo. Katika daftari la idara panaonekana gharama peke yake, na hata ule udhamini wenyewe, ambao idara huulipa kwa chuo chake yenyewe, huandikwa kuwa ni fedha zilizotoka, hali zimetoka mfuko wa kulia wa kanzu zikaingia mfuko wa kushoto. Akija mkubwa na kalamu nyekundu, hufungua daftari moja tu.

Usinione nimetia chumvi. Ushahidi ni kwamba vyuo vidogo vya huko, ambavyo wanafunzi wamepungua na vitanda vi wazi, vimekuwa vikianzisha timu za mieleka makusudi ili kuvuta wanafunzi wenye kulipa karo. Vya daraja la tatu la NCAA havitoi udhamini wowote wa michezo. Kwao mieleka ni duka lenye faida. Mchezo ni ule ule na jamvi ni lile lile. Kwa mkubwa ni hasara na kwa mdogo ni riziki. Lakini haki isemwe: kwa chuo ambacho vijana hugombania mlango wake, hoja hii haina nguvu, kwani asipokaa mpiga mieleka katika kile kiti atakaa mwingine na karo ni ile ile.

Na chuo cha namna hiyo ndicho kilichotoa kisa kikubwa kuliko vyote. Tarehe 8 Julai 2020 Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, kilitangaza kwamba kitafuta michezo 11 kati ya 36 kilichokuwa nayo, na mieleka ilikuwamo. Vijana zaidi ya 240 waliguswa. Walieleza kwamba hata kabla ya ugonjwa wa korona idara ilitazamia kupungukiwa na zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka, na ugonjwa ulipoingia makisio yakawa karibu milioni 70 kwa miaka mitatu. Wakasema pia kwamba kuisimamisha michezo hiyo 11 daima dawamu katika daraja yake kungetaka zaidi ya dola milioni 200.

Wakati huo Stanford ilikuwa na mali ya wakfu ipitayo dola bilioni 27. Bilioni, si milioni. Nilipomsomea mpwa wangu alidhani miwani yangu imenipoteza.

Natumia neno wakfu kwa kusudi, maana ndilo lenyewe. Mtu hutoa mali, mali ile ikafungwa isiuzwe wala isiliwe, na kinacholiwa ni pato lake, tena kwa sharti aliloliweka mwenyewe. Wasomaji wangu hawahitaji kufundishwa hayo na Stanford. Kwa hiyo sitasema kama wasemavyo wengine kwamba wenye bilioni 27 hawana udhuru. Aliyeweka wakfu kwa ajili ya kufundisha utabibu, fedha zake hazinunui jamvi. Sharti la mwenye kuweka lina heshima yake. Lakini si mali yote iliyofungwa kwa sharti, na hiyo isiyofungwa ndiyo inayoonyesha mtu apenda nini.

Tena tazama hesabu yao. Vyuo hivi aghalabu hutumia asilimia 4 au 5 ya wakfu kila mwaka na kuiacha rasilimali ikue. Milioni 200 kwa asilimia 5 ni milioni 10 kwa mwaka. Gawa kwa michezo 11, kila mmoja wapata chini kidogo ya dola milioni moja. Hicho ndicho kiasi kilichosemekana hakipatikani. Wapiga mieleka wa zamani wa chuo hicho, ambao wengine wamekuwa matajiri wa kupigiwa mfano, waliunda kundi lao wakakusanya ahadi za zaidi ya dola milioni 12. Kwa asilimia 5 hizo ni dola 600,000 kwa mwaka. Na bado chuo hakikugeuka kwa haraka.

Ikafika Machi 2021, mashindano ya ubingwa huko St. Louis. Kijana wa Stanford aitwaye Shane Griffith aliingia jamvini kwa uzani wa ratili 165, yaani kilo 75 hivi. Alivaa vazi jeusi tupu, halina jina la chuo, halina nembo. Akashinda mpaka akawa bingwa wa Marekani, wa pili tu katika historia ya chuo chake. Picha yake ikaenea nchi nzima: bingwa asiye na kwao. Mwezi wa Mei mashtaka mawili yakafikishwa mahakamani, na tarehe 18 mwezi huo huo Stanford ikatangaza kwamba michezo yote 11 itabaki. Chuo kilisema hali ya fedha imetengenea na wafadhili wameamka. Labda. Mimi mtu wa mashairi naona neno jingine limefanya kazi hapo, nalo ni lile alilolitamka mpwa wangu: haya. Vazi jeusi lile lilisema zaidi ya mawakili.

Lakini haya si bajeti. Haya hupoa. Timu iliyookolewa kwa kelele yapaswa kupiga kelele tena kila akija mkubwa mpya, na si kila chuo kina bingwa wa kuvaa nyeusi.

Tazama Boise State, kule Idaho, wenye uwanja wa futiboli wa nyasi za buluu. Aprili 2017 walifuta mieleka, wakasema wataanzisha besiboli. Wakaajiri kocha, wakaandaa timu, besiboli ikaanza kuchezwa 2020, ikacheza michezo 14, korona ikaingia, na Julai mwaka huo huo wakaifuta besiboli nayo. Waliouza ng'ombe wakanunua farasi wakabaki na kamba. Fresno State walifuta mieleka 2006, wakairudisha 2017, wakaifuta tena baada ya msimu wa 2021. Kijana wa miaka kumi na minane apangeje maisha yake juu ya jamvi linalokunjwa na kukunjuliwa hivyo?

Wako wanaosema lawama ni ya wanawake. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, ambayo kwayo chuo kinachopokea fedha za serikali hakiwezi kumbagua mwanamke, hata katika michezo. Vyuo vingi badala ya kuwaongezea wanawake vikawapunguzia wanaume, na mieleka ikakatwa mahali pengi. Makocha wa mieleka wakaishtaki wizara ya elimu mwaka 2002, wakashindwa. Mimi naona walishtaki mlango usiokuwa wao. Mwanamke hakutwaa sahani ya mpiga mieleka. Sahani 85 zilikuwa mbele ya futiboli na hakuna aliyethubutu kuigusa hata moja. Na Mungu ana miujiza yake: leo wanawake wenyewe wameingia jamvini. Iowa walianzisha timu yao ya wanawake ikaanza kushindana msimu wa 2023, na Januari 2025 NCAA ikaupitisha mchezo huo kuwa na ubingwa wake rasmi. Sasa chuo chenye timu ya wanawake kina sababu ya kutunza jamvi, kocha na ukumbi, na wanaume watapata kivuli chini ya mti waliotaka kuukata. (Mzee mwenzangu mmoja barazani aliinuka akaenda zake niliposema hivi. Alirudi, kahawa ilikuwa bado.)

Juni 2025 mambo yakageuka tena. Mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi kubwa, na tangu hapo vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ile 9.9 imeondolewa. Vyuo vilivyoingia katika suluhu hiyo vyaweza kuwapa udhamini vijana wote 30 wa mieleka, mzima mzima. Watu wakapiga makofi. Lakini ruhusa ya kula pilau si pilau. Hizo milioni 20.5 sehemu kubwa yaenda kwa futiboli na kikapu, na lazima zitoke mahali. Zitatoka wapi kama si katika sahani za wadogo?

Ndiyo maana nasema mieleka isitegemee huruma ya idara wala dola ishirini ishirini za wanafunzi. Na iwekewe wakfu. Bucknell, chuo kilichoko Pennsylvania hiyo hiyo, kilitangaza mwaka 2001 kuishusha mieleka isiwe tena timu rasmi ya chuo. Mwaka 2004 mzee mmoja aliyepiga mieleka hapo ujanani, William Graham, akatoa dola milioni 5.6 ili irudi, na msimu wa 2006 ikarudi. Naam, milioni 5.6 kwa asilimia 5 ni dola 280,000 kwa mwaka, hazitoshi kila kitu. Lakini zatosha kumnyima mkubwa udhuru wa kwanza, kwani anayetaka kuifuta timu hana budi aeleze atafanya nini na mali ya mtu yenye sharti.

Nasema hivi nikijua wakfu nao huliwa. Nilisomea chuo ambacho mwalimu wake aliishi kwa kodi ya duka moja la wakfu. Tulipokuwa watoto kodi ile ilimtosha kula, kuvaa na kununua mafuta ya taa. Miaka ikapita, bei zikapanda, kodi ikabaki pale pale kwa kuwa mpangaji alikuwa mtu wa mtu. Mwishowe haikununua hata chaki. Duka lipo, wakfu upo, mwalimu alifariki akiwa anadaiwa. Hapo Wamarekani wametushinda: wao huitembeza rasilimali katika biashara, wakala sehemu na kuacha sehemu ipambane na bei. Baadhi ya biashara hizo ni za riba, na hapo njia yetu na yao yaachana. Lakini lile la kutoacha wakfu ulale usingizi halina uharamu.

Upungufu mwingine siufichi. Wakfu huokoa timu ambayo watoto wake wametajirika. Arizona State walipofuta mieleka pamoja na tenisi ya wanaume mwezi wa Mei 2008, mieleka ilipata wafadhili ikafufuka kabla ya wiki mbili kwisha. Tenisi ikakaa kaburini karibu miaka kumi. Ya chuo cha watoto wa wakulima na wachimba makaa itaokolewa na nani? Sina jibu zima. Najua tu kwamba dola ishirini mia moja zikiliwa mwaka huu, mwakani zaombwa tena. Na dola hizo hizo zikifungwa, hata kama pato lake ni la kununua jozi moja ya viatu, viatu hivyo vitanunuliwa kila mwaka.

Labda naumwa na donda langu. Miaka mingi nimeandika katika kurasa za mashairi, na nimeona ukurasa mzima ukawa nusu, nusu ikawa robo, kila lilipokuja tangazo la sabuni. Hakuna aliyetuchukia. Tulikuwa tu hatuna chetu.

Nilimshauri mpwa wangu awaandikie wenye chuo awaulize swali moja, kwa adabu: dola zangu ishirini zimetiwa katika wakfu wa mieleka, au zimekwisha kuliwa? Aliandika usiku ule ule, hapa hapa kwangu, nami nikamsahihishia maneno ya heshima. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walimshukuru sana kwa mapenzi yake, wakamwuliza kama angependa kutoa ishirini nyingine.